NAMNA YA KUKABILI UGHALI WA NYAMA NA VITU VYA DUKANI

Somo kwa wakulima na wenye nyumba wa Kilosa na Mikumi

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mkulima wa kawaida wa wilaya ya Kilosa, mwenye ekari mbili tatu za mahindi, kuku wachache, na watoto wa kulisha. Limeandikwa pia kwa ajili ya mama wa nyumba ambaye kila aendapo sokoni huona kwamba fedha ile ile haijazi tena kikapu kile kile. Nia yake si kumlaumu mtu, wala kumwahidi kwamba bei zitashuka. Nia yake ni kuonyesha sehemu ya ughali iliyo katika uwezo wetu wenyewe, na namna ya kuipunguza. Yafaa lisomwe kwa sauti barazani, na hesabu zake zifanywe upya kwa bei za soko la siku ile.

1. UGHALI WATOKA WAPI

Ughali wa vitu ni wa namna mbili, na yatupasa kuzitenga, maana dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Namna ya kwanza hutoka mbali, na mkulima hawezi kuizuia. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 ukame uliua ng'ombe wengi katika mkoa wa Manyara. Vita ya Ukraine ilipoanza Februari 2022, mafuta ya magari, ngano na mbolea vilipanda bei duniani kote. Mwezi Aprili mwaka ule ule Indonesia, nchi itoayo mafuta ya mawese kupita nchi zote, ilizuia mafuta yake yasiuzwe nje kwa majuma machache. Kwa kuwa Tanzania ilikuwa ikinunua nje sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia, bei ilipanda hata kwa mtu anunuaye koroboi moja katika duka la kijijini. Tena, mwanzoni mwa 2024 mvua nyingi za El Niño zilizuia miwa isivunwe, sukari ikaadimika nchi nzima. Hata mtu wa Ruhembe, ambaye nyumba yake imezungukwa na miwa, hununua sukari kwa bei ya nchi. Kwani miwa si sukari mpaka ipite kiwandani.

Namna ya pili ya ughali hutoka nyumbani mwetu. Ni kuuza chakula kikiwa rahisi na kukinunua tena kikiwa ghali; ni kuacha mahindi yaliwe na wadudu ghalani; ni kuacha kuku wafe kwa mdondo kisha kwenda buchani; ni kununua kila kitu kwa vipimo vidogo. Somo hili lahusu namna hii ya pili.

2. HESABU YA GHALA

Mahindi ya masika huvunwa hapa kwetu kadiri ya Juni hata Agosti. Wakati huo malori hufika vijijini, wauzaji ni wengi, na bei huwa chini. Ifikapo Januari hata Machi, kabla ya mahindi mabichi, wauzaji huwa wachache na bei hupanda. Kila mkulima anajua jambo hili. Lakini si kila mkulima ameliandika kwa hesabu. Basi tuliandike.

Tuseme nyumba moja ina watu wazima 2 na watoto 4. Mtu mzima hula unga unaotokana na nusu kilo ya mahindi kwa siku, na mtoto gramu 300. Jumla ni kilo 2 na gramu 200 kwa siku. Zidisha kwa siku 365: yapata kilo 803, yaani magunia 8 ya kilo mia mia. Ikiwa nyumba hii imevuna magunia 10, basi magunia yaliyo halali kuuzwa ni 2 tu. Manane ni ya watoto.

Sasa tuseme mwenye nyumba ameuza magunia 6 wakati wa mavuno kwa shilingi 40,000 kila gunia. Magunia 4 katika hayo yalikuwa ya chakula. Amepata kwayo shilingi 160,000. Mwezi Januari ghala ni tupu, naye analazimika kuyanunua tena yale magunia 4, kwa shilingi 90,000 kila moja, yaani shilingi 360,000. Hasara yake ni shilingi 200,000. Ikiwa kilo ya nyama ni shilingi 10,000, basi amepoteza kilo 20 za nyama bila kuionja. Mtu huyu atasema kwamba nyama imekuwa ghali mno, naye atakuwa amesema kweli. Lakini nyama yake aliipakia mwenyewe katika lori mwezi wa Julai.

Wengine watajibu: "Sikuuza kwa ujinga. Mtoto alitakiwa shule, na mama alikuwa mgonjwa." Neno hili ni la haki, wala mtu asilidharau. Kwa hiyo shauri letu si kusema "usiuze" na kunyamaza. Shauri letu ni haya manne:

(a) Shida ikija, uza kwanza kitu kisichokuwa chakula cha kila siku: ufuta, alizeti, vitunguu, mbaazi za ziada, au majogoo. Kila nyumba iwe na kitu kimoja kama hicho kilichowekwa kwa ajili ya shida.

(b) Ingia katika chama cha kuweka na kukopa cha watu unaowajua, ukaweke kidogo kila juma. Mkopo mdogo wa mwezi Julai, hata ukiwa na riba yake, mara nyingi ni rahisi kuliko kununua mahindi mwezi Januari. Fanya hesabu zote mbili kabla ya kuchagua.

(c) Usiuze mahindi yakiwa bado mabichi shambani kwa mtu mwenye fedha. Huyo hununua njaa yako, si mahindi yako.

(d) Siku ya kuingiza mavuno, mume na mke wayahesabu magunia pamoja, wayatie alama magunia ya chakula, na wapatane kwamba hapana mmoja atakayeuza gunia lenye alama pasipo neno la mwenziwe. Nyumba nyingi zimekosa chakula si kwa ukame bali kwa sababu mmoja aliuza na mwingine hakujua.

3. KUHIFADHI MAHINDI

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Hiyo ni kweli kwa akiba ya fedha na ya maarifa, lakini mahindi huoza, tena huliwa. Mdudu aitwaye dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, aliingia nchini kwa upande wa Tabora karibu na mwaka 1980, naye hugeuza magunzi na punje kuwa unga. Mahindi yaliyowekwa na magunzi darini, pasipo dawa, ni karamu yake. Fanya hivi:

Kwanza, kausha mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Pili, pukuchua, pepeta, na utoe punje zilizovunjika na zilizoota ukungu. Tatu, pima ukavu wake: chukua chupa kavu, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, funga, utikise sana, kisha uache kwa dakika 15. Chumvi ikigandama katika kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi isipogandama, yamekwisha kukauka. Nne, yatie katika mfuko usiopitisha hewa, ule wenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Toa hewa, ufunge kila nailoni peke yake kwa nguvu. Mdudu aliyemo ndani hukosa hewa akafa, wala hapahitajiwi dawa ya sumu. Weka mfuko juu ya mbao, mbali na ukuta na panya, wala usiufungue kila siku. Gunia la kula liwe mbali na magunia ya akiba.

Jihadhari na mahindi na karanga zilizoota ukungu. Ndani yake huwamo sumu iitwayo sumukuvu, isiyotoka kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hii katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Dodoma ni jirani zetu. Mahindi yaliyooza usiyafanye unga, wala pombe, wala chakula cha kuku.

4. MBAAZI, NYAMA YA SHAMBANI

Katika gramu 100 za mbaazi kavu mna protini, yaani chakula cha kujenga mwili, kadiri ya gramu 20. Ni karibu sawa na gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mfupa. Kunde na choroko hazipungui hapo. Mbaazi zikiliwa pamoja na ugali, kila kimoja humpa mwenziwe kile anachopungukiwa, na mwili hupata faida zaidi kuliko kula kimoja peke yake.

Nchi yetu ya Kilosa yafaa sana kwa mbaazi, na kituo cha utafiti cha Ilonga, kilicho karibu na mji wa Kilosa, kimefanya kazi ya mazao haya kwa miaka mingi. Mbegu za mbaazi ziitwazo Mali na Tumia ni miongoni mwa zile zilizotolewa kwa wakulima. Mwulize Bwana Shamba mbegu ipi yafaa mahali pako.

Mbaazi hazihitaji shamba jingine. Panda mahindi katika mistari ya sentimita 90, shimo hata shimo sentimita 50, mbegu mbili kila shimo. Na katikati ya mistari panda mstari mmoja wa mbaazi. Mbaazi hukua polepole mwanzoni, kwa hiyo hazishindani na mahindi. Mahindi yakiisha kuvunwa, mbaazi hubaki na kuendelea kwa unyevu uliosalia ardhini. Mizizi yake hurutubisha udongo, majani yake yaangukayo ni samadi, na miti yake ni kuni.

Lakini twataka kumkumbusha mkulima jambo moja. Mwezi Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi za kuingia nchini mwake. Bei kwetu ikaanguka vibaya, hata wengine wakaona kwamba kuvuna hakulipi taabu. Aliyekuwa amelima mbaazi kwa kuuza tu alipata hasara kubwa. Aliyekuwa amezilima kwa chungu chake kwanza, na kwa soko baadaye, alikula vizuri mwaka ule. Soko laweza kufungwa ng'ambo kwa barua moja. Chungu hakifungwi na mtu. Basi tenga kwanza mbaazi za nyumba, uzihifadhi katika mfuko usiopitisha hewa kama mahindi, ndipo uuze zilizobaki.

5. NYAMA KIDOGO KATIKA CHUNGU KIKUBWA

Si lazima nyumba iache nyama kabisa, wala haifai, hasa kwa watoto wadogo na mama wajawazito. Kwani vitamini iitwayo B12 haipatikani katika mbaazi wala mboga, bali katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Yafaa kujua namna ya kuitumia.

Nyumba ile yetu ya watu 6 inaponunua kilo moja ya nyama kwa siku moja ya juma, kisha siku sita ikala mboga tupu, haitumii fedha zake vizuri. Afadhali igawe kilo ile mara nne. Loweka mbaazi nusu kilo usiku kucha, umwage maji, uzichemshe mpaka ziive. Kuloweka hupunguza kuni. Kaanga kitunguu na nyanya, tia robo kilo ya nyama iliyokatwa vipande vidogo, kisha changanya na mbaazi na tui la nazi au karanga zilizopondwa. Chakula hiki hushibisha, na utamu wa nyama huenea chungu kizima.

Tena usidharau maini, ambayo huongeza damu. Dagaa wakavu nao, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini; konzi moja katika mchicha, matembele au majani ya kunde ni kitoweo kamili. Kamulia limau au ndimu juu ya mboga, kwani husaidia mwili kupokea madini ya damu. Na chai inywe baadaye, si pamoja na chakula, maana chai huzuia madini hayo.

6. KUKU WA NYUMBANI

Tuseme una mitetea 5, na kila mmoja huatamia mara 3 kwa mwaka na kuangua vifaranga 10. Hao ni vifaranga 150. Hata nusu wakichukuliwa na mwewe, kicheche na baridi, hubaki 75, yaani zaidi ya kuku mmoja kwa kila juma la mwaka. Mbona basi nyumba nyingi hazili kuku ila siku ya sikukuu? Ni kwa sababu ya ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huja, na kwa juma moja banda zima huwa kimya.

Mdondo hauna dawa ya kuuponya, lakini una chanjo. Chanjo iitwayo I-2 hutengenezwa hapa nchini, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na hutolewa kwa tone moja katika jicho. Chanja kuku wote kila miezi mitatu, wangali wazima. Kuchanja waliokwisha kuugua ni kazi bure. Kwa kuwa kichupa kimoja chatosha kuku wengi, nyumba kumi zichange fedha na zichanje siku moja. Jirani asiyechanja ni mlango ulio wazi. Zaidi ya hayo, wape vifaranga banda la usiku, maji safi, na mashudu ya alizeti pamoja na mchwa.

7. MKULIMA NA MFUGAJI

Nyama ya buchani haianzii buchani. Huanzia kwa mfugaji wa Parakuyo, Twatwatwa na vijiji vingine, na hufika kwetu kwa njia ya mnada. Maziwa na samadi vyatoka huko huko. Na mahindi anayokula mfugaji yatoka kwa mkulima. Wilaya hii imekwisha kuona kwa uchungu jinsi mambo yanavyokuwa watu hawa wawili wakikosana: tarehe 8 Desemba 2000, katika Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa. Hapana bei ya nyama wala ya mahindi inayoweza kulinganishwa na hasara ile.

Kwa hiyo mapatano ya mkulima na mfugaji si jambo la amani peke yake, ni jambo la chakula pia. Mahali penye ugomvi mfugaji huondoa mifugo yake, mnada hukosa watu, na mkulima huogopa kulima shamba la mbali. Nyama na mahindi vyote hupanda. Shauri letu ni hili: kabla ya kiangazi, wazee wa pande zote mbili wakutane mbele ya serikali ya kijiji, waonyeshane njia ya kupitisha ng'ombe na mahali pa maji, na waandike siku ambayo mifugo yaruhusiwa kuingia katika mabua, yaani baada ya mahindi na mbaazi zote kuvunwa. Mkulima aweza kuuza mabua yake, au kuyabadili kwa samadi na maziwa. Ng'ombe akila shamba, hasara ipimwe na Bwana Shamba siku ile ile, ilipwe, na neno liishe.

8. NENO KWA WATU WA MIKUMI

Jirani na hifadhi ya Mikumi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, liko jaribu ambalo hukua kila nyama ya ng'ombe inapopanda bei: nyama ya mwitu inayouzwa usiku kwa bei rahisi. Nyama hiyo si rahisi. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwinda au kuwa na nyama hiyo pasipo kibali ni kosa liwezalo kumfunga baba wa nyumba, na nyumba isiyo na baba haili nyama ya namna yo yote. Hata mnyama aliyegongwa na gari barabarani ni mali ya serikali, si ya aliyemwona kwanza. Tena nyama hiyo haikukaguliwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe aweza kuwa na kimeta, ugonjwa unaoua watu, ambao humwingia hata anayemchuna. Mwone mzoga, usiuguse, mwite Bwana Mifugo.

9. KUNUNUA DUKANI NA KUUZA SHAMBANI

Anayenunua mafuta kwa koroboi na sukari kwa robo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anunuaye kwa wingi. Maskini hununua kidogo kidogo kwa kuwa hana fedha nyingi kwa mara moja. Basi nyumba tano zichange, zinunue dumu moja la mafuta, mfuko mmoja wa sukari na katoni moja ya sabuni kwa bei ya jumla, zikagawane kwa mizani mbele ya wote. Apandaye alizeti aweza kuikamua mashineni, akapata mafuta ya chungu na mashudu ya kuku.

Katika kuuza, kataa lumbesa. Gunia lenye kilemba juu yake ni gunia na nusu kwa bei ya gunia moja, nayo imekatazwa na sheria ya vipimo. Uza kwa kilo na kwa mizani. Mkulima mmoja akikataa, mchuuzi huenda kwa jirani yake. Kijiji kizima kikikataa, mchuuzi huleta mizani.

10. MWISHO

Hatuwezi kuamuru bei ya mafuta katika Indonesia, wala mvua ya El Niño. Lakini magunia manane yaliyotiwa alama, mstari wa mbaazi kati ya mahindi, tone la chanjo katika jicho la kuku, na neno lililoandikwa baina ya mkulima na mfugaji, hayo yote yapo mikononi mwetu. Anayeyafanya hatajua umaskini wa kununua chakula chake mwenyewe mara ya pili.

MASWALI

1. Nyumba yako ina watu wangapi? Hesabu kilo za mahindi itakazokula kwa mwaka.
2. Mwaka uliopita uliuza magunia mangapi, kwa bei gani? Ulinunua tena mangapi, kwa bei gani?
3. Wawezaje kujua, pasipo chombo cha kitaalamu, kwamba mahindi yamekauka?
4. Kwa nini mbaazi za nyumba zitengwe kabla ya mbaazi za kuuza?
5. Katika kijiji chako ni nani atakayekusanya fedha za chanjo ya kuku, na ni siku gani mtaanza?